Tiba ya sumaku kwa goti lililosagika: nilicholipia na nilichopata

Mimi ni fundi cherehani, niko Tabata, na goti langu la kulia lina miaka mingi linanitesa. Hospitali walishanipiga picha wakasema limesagika. Vidonge vya maumivu vinasaidia lakini vinaniunguza tumbo, kwa hiyo mteja wangu mmoja aliponisifia kliniki ya Sinza yenye mashine ya sumaku, nikaenda. Maumivu yamepungua, siwezi kukataa. Ila kwa bei ile, mashine peke yake nisingeilipia tena.

Kwanza unahojiwa. Una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Una pampu ya insulini? Una mimba? Hilo la mwisho nilimjibu kijana wa mapokezi, "Mwanangu, na mvi hizi? Nikipata nitakuletea pilau." Maswali yenyewe ni ya maana lakini, hasa la moyo, mahali wasipokuuliza, ondoka. Simu, saa na kadi ya benki unaacha kwenye kikapu. Unalala, wanakuvisha pete kubwa gotini, mashine inagonga tik tik kwa nusu saa. Huhisi joto wala mtetemo. Mimi nilikuwa nasinzia tu.

Kikao ni shilingi 30,000, bima haikugusa hata senti, na bado kuna daladala mpaka Mawasiliano na bajaji ya kuingia ndani. Hesabu mwenyewe mashono mangapi hayo.

Kilichoniudhi ni maelezo yao. Eti sumaku inavuta chuma kilichomo kwenye damu ili izunguke vizuri. Chuma cha kwenye damu hakivutwi na sumaku namna hiyo. Mpwa wangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenielewesha: ndani ya pete kuna waya uliozungushwa, umeme unapita kwa vipindi, na ule uga wa sumaku unaowaka na kuzima unazalisha umeme kidogo sana mwilini. Marekani waliiruhusu tangu 1979 kwa mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga. Kwa viungo vilivyosagika, magoti yakiwemo, alinisomea uchambuzi wa 2013 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba: tafiti 9, watu 636; waliotibiwa kwa mashine walipata nafuu ya maumivu kuliko waliowekewa mashine ya kuigiza, kama alama 15 katika 100. Katika uwezo wa kutembea na kufanya kazi, tofauti haikuonekana wazi.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa kwangu. Wiki za mwanzo sikuona kitu, baadaye nikawa nalala usiku bila goti kuniamsha. Ngazi za yale maghorofa ya Kariakoo ninakonunulia vitambaa bado nashuka kwa upande, nimeshika ukuta.

Halafu kuna jambo jingine. Pale pale kliniki yupo dada wa fiziotherapia aliyenifundisha kunyanyua mguu ulionyooka na kukaa-kusimama kwenye kiti bila kujishika. Hakunitoza zaidi. Mashine niliacha hela zilipokata, mazoezi nikaendelea nayo nyumbani, na goti halijarudi lilikokuwa. Sasa nafuu ile niipe nani? Mimi nampa yule dada sehemu kubwa.

Pale mapokezi wanauza pia bangili za sumaku. Hizo ziacheni kabatini. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kilizijaribu kwa wagonjwa wa baridi yabisi, matokeo yakachapishwa 2013: hazikuzidi zile za kuigiza, si kwa maumivu wala kwa uvimbe.

Bega la kushoto, ambalo nalo walilivisha pete, halikubadilika hata kidogo. Dada wa mazoezi aliniuliza meza yangu ya kukatia ina urefu gani, nikamwonyesha kwa mkono, akacheka. Fundi seremala ameshaongeza miguu ya ile meza, bega nalisikilizia.