Kamera ya polaraizesheni: sensa nzuri, programu inayodanganya

Kilichonifanya niandike ni simu moja. Nilimpigia fundi wa duka lililoniuzia kamera ya polaraizesheni, yaani kamera inayopima mwanga unatetemea kuelekea upande gani, ambayo nimeifunga juu ya hadubini hapa Mtwara ili kuchunguza vipande vyembamba vya miamba kutoka Ruangwa, nikamweleza kwamba picha zina chenga nyingi, yaani nukta zinazopanda na kushuka ovyo. Kabla sijamaliza akanikatiza: "Mama, hayo ni matatizo ya umeme wa huko kwenu." Nikachomoa waya ukutani, nikatumia betri ya kompyuta peke yake, na chenga zikabaki zilezile. Nimempigia tena mara kadhaa, hapokei.

Tatizo lenyewe linaonekana hata kwenye kioo kitupu. Nikiutawanya mwanga wa taa kwa karatasi nyeupe, kiwango cha polaraizesheni kinapaswa kukaribia sifuri kote. Badala yake pembe za picha, ambako mwanga ni hafifu, zinadai kuna polaraizesheni ambayo haipo. Kiwango hicho hukokotolewa kwa kuchukua tofauti ya mwanga unaopita kwenye vichujio vya nyuzi 0 na 90, na kati ya 45 na 135, kujumlisha vipeo vyake vya pili, kutafuta kipeuo, kisha kugawanya kwa mwanga wote. Tofauti ikishazidishwa kwa yenyewe, chenga hasi nazo huwa chanya, na haziwezi tena kufutana. Ndiyo maana wastani hufanywa kwanza kwenye picha ghafi, yaani kabla ya hesabu yoyote, ambako picha 16 hupunguza chenga hadi robo. Programu ya kamera hii inakokotoa kwanza, ndipo inatafuta wastani, na matokeo yake ni picha laini ya kupendeza yenye namba ya uongo. Hilo linanikera kuliko chenga zenyewe, kwa sababu mwanafunzi atakayeiona ataiamini.

Nilikusudia kusema msiinunue kabisa. Lakini nilipochukua picha ghafi, nikaondoa picha ya giza, ile inayopigwa mwanga ukiwa umezibwa, iliyopigwa kamera ikiwa imeshapata joto, maana joto la huku huongeza chenga, kisha nikakokotoa mwenyewe, zile pembe zilitulia na mipaka ya madini ikajitokeza waziwazi. Sensa, yaani kihisi cha mwanga, ni nzuri kweli. Anayeweza kujiandikia hesabu zake ainunue, ingawa nikikumbuka bei niliyolipa na ile "huko kwenu", hata ruhusa hiyo naitoa kwa shingo upande. Mwalimu anayehitaji kuwasha na kupima asiiguse mpaka programu irekebishwe.