Mabuni, Okinawa: nendeni, ila msipelekwe na watu wenye haraka

Nilitaka kutoa nyota moja, tena kwa hasira, lakini nikitoa moja mtu atadhani ubaya ni wa makumbusho na hapana, ubaya sio wa pale kabisa. Naongelea wale tuliowalipa watupeleke. Jina lao siweki, ila nasema.

Makumbusho ya Amani ya Okinawa yapo Mabuni, kusini mwa kisiwa hicho cha Japani, juu ya majabali yanayoshuka moja kwa moja baharini, na ndo huko jeshi la Japani lilikosukumiwa na Wamarekani Juni 1945, vita vya pili vya dunia, likiwa limechanganyika na raia ambao hawakuwa tena na pa kukimbilia, mbele bahari nyuma mizinga. Karibu robo ya wananchi wa Okinawa walikufa katika vita vile. Nje kuna kuta za mawe safu kwa safu zimeelekea baharini, zina majina ya waliokufa zaidi ya 240,000, na sio ya Wajapani peke yao jamani, Wamarekani waliokuja kuwapiga nao wamo zaidi ya 14,000, Wakorea wamo, Waingereza wamo, bila kujali huyu askari huyu raia. Mimi nimekua napita pale Posta Dar kwenye sanamu ya Askari, ya vita vya kwanza, na sijawahi kuona pale jina la askari hata mmoja. Kwa hiyo nilivyofika kwenye zile kuta miguu iligoma.

Sasa pembeni yangu kulikuwa na bibi mzee sana, ana chupa ya maji, anamwagia jiwe taratibu halafu anafuta na kitaulo, akimaliza anapitisha kidole kwenye maandishi mstari kwa mstari. Nikajikuta nimemwambia shikamoo bibi, kwa Kiswahili kabisa, sijui hata ilitokaje. Akatabasamu akanivuta mkono nishike pale anaposhika yeye. Mjukuu wake alikuwa anajua Kiingereza kidogo, akanieleza kwamba yule ni mdogo wake bibi, alifia pangoni akiwa mchanga hajapewa jina, kwa hiyo jiwe limeandika jina la baba halafu "mtoto wake". Nikauliza na maji je? Akasema alikufa na kiu.

Hapo hapo kijana wetu wa msafara akaja anapiga makofi. Makofi! Muda umeisha, basi linaondoka. Nikamwomba dakika mbili tu. Akanijibu mbele ya yule bibi: haya ni majina tu, yako maelfu, picha si umeshapiga? Nilimjibu vibaya na sijutii. Ndani ya makumbusho tulikuwa tumepewa muda wa kupita tu, kile chumba cha ushuhuda ambacho maneno ya walionusurika yamewekwa kwenye vitabu vikubwa juu ya meza tulikipita kama watu wanaovuka barabara, halafu tukapelekwa kwenye maduka ya zawadi na huko hakuna aliyeangalia saa.

Kesho yake nikarudi mwenyewe kwa basi la kawaida kupitia Itoman. Nikakaa kwenye kile chumba mpaka macho yakachoka. Mama anaambiwa na askari amnyamazishe mtoto pangoni la sivyo wote wataonekana, kitu kama hicho huwezi kusoma umesimama mguu mmoja. Wahudumu hawakunigusa, na mmoja alipoona nalia akanisogezea kiti bila kusema neno. Nyota tano, na zingekuwepo kumi ningetoa kumi.

Halafu karibu nimsamehe yule kijana, nikasema pengine anafuata amri ya bosi wake. Nikanunua maji nikatoka nje kwenye kuta, nikalimwagie lile jiwe la mtoto. Nikalitafuta. Zinafanana zote, maandishi siyasomi, na zile mashine za kutafutia jina zinataka uwe na jina, mimi sina, sikuwahi kumuuliza mjukuu aniandikie jina la baba yake yule mtoto, nilikuwa ndo nataka kumuuliza. Dakika mbili nilizoomba zilikuwa za hilo. Simsamehi.