Kipimio cha pawasaplai chenye skrini: kinachofaa na kinachokishinda

Kompyuta ya ofisi ikigoma kuwaka, lawama ya kwanza huangukia pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Mara nyingi ni haki, hasa asubuhi inayofuata usiku wa umeme kukatika na kurudi. Lakini pawasaplai nzima hutupwa kila siku kwa kosa la fyuzi ya plagi, swichi ya kuwashia au mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kipimio hiki kidogo cha skrini, kinachouzwa kwa majina mengi lakini kwa umbo lilelile, kimetengenezwa kwa ajili ya swali hilo moja: pawasaplai ni nzima au imekufa?

Ni kidude cha kujaa kiganjani. Ubavuni kina tundu la pini 24 (pini 20 za zamani nazo huingia), kisha matundu ya pini 4, 6 na 8, na mengine ya SATA, Molex na floppy, plagi zinazolisha diski. Hakina betri, kinatumia umeme wa pawasaplai yenyewe. Kazi inayofanywa na mafundi kwa kipande cha waya, yaani kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili pawasaplai iwake nje ya kompyuta, chenyewe kinaifanya pale tu unapochomeka. Kwa faida hiyo peke yake tungekinunua, kwa sababu kipande cha waya kikikosea tundu kinaleta shoti.

Usikitoe mfukoni mapema, lakini. Chomeka taa au chaja kwenye soketi ileile. Ruka ekstensheni na UPS, peleka kebo moja kwa moja ukutani. Fungua plagi ya pini tatu utazame fyuzi, au badilisha kebo nzima kwa inayofanya kazi kwenye kompyuta ya jirani. Tazama swichi ya nyuma ya pawasaplai. Zile za zamani zina pia swichi nyekundu ya 115 na 230: kwetu lazima iwe 230, maana ukiiacha kwenye 115 na kuchomeka, utasikia mlipuko na hapatabaki cha kupima.

Hayo yakiwa sawa, chomoa kebo ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, kisha chomoa waya zote za pawasaplai kwenye mazabodi, diski na DVD. Chomeka ile ya pini 24 kwenye kipimio hadi kile kishikizo kilie, ongeza ya prosesa yenye pini 4 au 8, ndipo urudishe umeme. Feni ikizunguka na kipimio kikilia mara moja, namba zinajitokeza. Skrini ikibaki giza na feni imetulia, ilhali soketi na kebo umezithibitisha, pawasaplai hiyo imekufa. Usiifungue bila ujuzi: kapasita kubwa ya ndani, inayohifadhi umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Namba zenyewe zina mipaka inayojulikana. Njano ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, ya chungwa ya volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau, ile ya volti 5 inayobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, ina mipaka sawa na nyekundu. Ya buluu, hasi 12, inaruhusiwa kuyumba zaidi, kati ya 10.8 na 13.2. LL maana yake umeme uko chini mno au haupo, HH umezidi. Kipimio cha zamani kikionyesha LL kwenye hasi 5, achana nayo. Waya huo mweupe uliondolewa kwenye pawasaplai za ATX miaka mingi iliyopita.

Hapa pana dosari ambayo wauzaji hawaisemi. Vingi vya vipimio hivi vinaonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta. Kikiandika 3.1, huenda ni 3.14 inayokubalika au 3.06 iliyofeli, nawe huna njia ya kujua. Namba ikisimama ukingoni namna hiyo, chukua multimita (kile kipima umeme cha mafundi chenye ncha mbili), iweke DC 20V, ncha nyeusi kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye waya unaoushuku, uamini multimita.

Kinachotufurahisha zaidi ni namba ya PG (Power Good, yaani umeme uko sawa), inayohesabiwa kwa milisekunde. Huo ni waya wa kijivu, unaoiambia mazabodi kwamba umeme umetulia. Inatakiwa ifike kati ya milisekunde 100 na 500. Isipofika, mazabodi inaendelea kuishikilia prosesa: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini haileti kitu, na fundi anaanza kubadilisha RAM bure. Multimita ya kawaida haiwezi kuupima muda huo. Kipimio kinakuonyesha papo hapo.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hakiipi pawasaplai mzigo wa maana. Pawasaplai iliyochoka huonyesha 12.1 kwenye kipimio kisha ikazimika ikirudishwa kwenye kompyuta. Dawa yake ni rahisi: globu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, ifungwe kwenye waya wa njano na mweusi wa Molex wakati kipimio kimechomekwa. Inavuta karibu ampea 1.75. Iache dakika chache, usiishike kwa kuwa inachoma, uangalie kama 12 inashuka. Si mzigo kamili wa kompyuta, lakini pawasaplai mbovu sana hujifichua. Na ile kompyuta inayowaka baada ya kubonyezwa mara tano asubuhi, mchana ikawa haina neno, ipime asubuhi kabla haijapata joto. Kapasita zake zinazeeka, na zikishapata joto kipimio kitakupa namba safi.

Namba zikiwa sawa hata kwa globu, lakini ukirudisha pawasaplai feni inashtuka mara moja na kusimama, tafuta shoti kwenye kompyuta. Chomoa ile ya pini 4 au 8 ya prosesa ujaribu tena. Feni ikizunguka sasa, tatizo liko kwenye mazabodi, sehemu inayolisha prosesa.

Sasa jambo litakalowaudhi wengi. Ofisi zetu zimejaa Dell, HP na Lenovo za mtumba, na nyingi hazitumii pini 24. OptiPlex 7020 ya Dell ina pini 8, EliteDesk 800 G1 ndogo ya HP ina pini 6, ThinkCentre M93p ya Lenovo ina pini 14. Kipimio hakiingii. Zipo kebo za kubadilisha pini 24 kuwa 8, ila zimetengenezwa kwa kupeleka pawasaplai ya kawaida kwenye mazabodi ya Dell, na hapa unahitaji kinyume chake. Usitoe hela yako. Kwenye OptiPlex nyingi kuna taa ndogo nyuma ya pawasaplai, na kwa baadhi kitufe cha kuijaribu. Taa ikikataa, chomoa waya za ndani kwenye mazabodi. Ikiwaka baada ya hapo, pawasaplai ni nzima. Kwa HP na Lenovo, fuata karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai na upime kwa multimita, maana rangi za waya zinaweza kutofautiana na za kawaida.

Kwa fundi anayehudumia kompyuta zilizoundwa kwa vipande vya kununua kimoja kimoja, zenye pawasaplai za kawaida, tunakipendekeza bila kusita. Ofisi yenye Dell na HP ndogo tupu inunue multimita nzuri kwanza. Ukienda Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi kukitafuta, omba chenye tarakimu mbili baada ya nukta, ukijaribu palepale dukani kwa pawasaplai nzima, na uchungulie pini za lile tundu la 24. Zikiwa zimelegea, 12 itaonekana 11 na utaitupa pawasaplai isiyo na kosa.