Bodi ya kinga ya spika: nilivyoitumia, ilivyoniokoa, na nilichokirekebisha

Wufa (spika ya besi) yangu ya kwanza iliungua nikiwa nimekaa karibu nayo kabisa. Sauti ilikuwa ya kawaida, wala sikuwa nimefungulia sana. Ghafla karatasi ya spika ikasukumwa mbele ikaganda hapo hapo, haichezi wala hairudi. Ukafuata mngurumo mfupi, kisha harufu ya vanishi inayoungua. Mpaka nachomoa plagi, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, ilikuwa imeshakwisha. Nilipofungua amplifaya nikakuta transista moja ya 2SC5200 imepiga shoti kati ya kolekta na emita, miguu yake miwili inayopitisha umeme.

Amplifaya hiyo inatumia umeme wa pande mbili, volti 42 chanya na 42 hasi. Transista ya juu ikipiga shoti, zile 42 zinamwagika zote kwenye spika kama DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja. Koili ya wufa ya omu 8 ukiipima kwa mita inasoma omu 6 na kitu, kwa hiyo zinapita zaidi ya ampea 6, joto la wati 250 hivi mfululizo. Kwenye muziki karatasi inapocheza inaipepea koili, na nguvu inapanda na kushuka. DC haipandi wala haishuki, na karatasi iliyoganda haipepei chochote. Sekunde chache zinatosha.

Kulikuwa na fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa spika, na haikukatika. Fyuzi inayovumilia vishindo vya besi ni nzito kwa makusudi. Ukiipitishia ampea 6 inaweza kukaa muda mrefu sana kabla ya kuyeyuka. Koili haina subira hiyo.

Ndipo nikanunua bodi ya kinga, inayokata spika ikihisi DC, ile yenye IC (chipu) ya uPC1237. IC hii asili yake ni NEC ya Japani, ina miguu 8 iliyopangwa mstari mmoja, na kazi zake ni rahisi kuzielewa. Mguu wa 2 unanusa DC kwenye tokeo la amplifaya, chanya au hasi. Mguu wa 4 unaangalia kama umeme wa AC, ule unaobadili mwelekeo kila mara, bado upo. Mguu wa 7 una kapasita inayochelewesha kuwasha, na mguu wa 6 ndio unaoivuta rilei, swichi inayowashwa kwa umeme. Bodi yangu inalishwa na waya za AC za volti 15 kutoka kwenye transfoma.

Jambo la kwanza nililolipenda lilionekana siku ile ile. Zamani nikiwasha swichi spika zilikuwa zinapiga "dub!" zito, na nikizima zinakwaruza mpaka kapasita kubwa ziishe chaji. Sasa nawasha, kimya kama sekunde 3, halafu rilei inalia "tak" na muziki unaingia safi. Nikizima, spika zinakatwa mara moja.

Lakini kabla ya kuiunganisha na amplifaya niliipima peke yake mezani, na hili namwomba kila atakayenunua alifanye. Lisha bodi umeme, subiri rilei ishike, kisha gusisha betri ya volti 9 kati ya ingizo la chaneli moja na grandi (waya wa sifuri). Rilei lazima iachie. Geuza betri, jaribu tena. Hamia chaneli ya pili. Yangu iliachia papo hapo kwa volti 9. Kwa betri ya volti 1.5 ilikawia kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa na haraka mno, besi nzito ya hezi 20 itaihadaa ione DC, na itakuwa inakata muziki ovyo.

Sasa kasoro, maana ipo, na ni kubwa. Rilei za bodi hii zimeandikwa ampea 10 kwa volti 250 za AC, lakini kwa DC ni volti 30 tu. AC inapita kwenye sifuri kila mara, kwa hiyo cheche kati ya vidole vya rilei, ncha zake zinazogusana, inajizima yenyewe. DC haigusi sifuri. Vidole vikiachana na volti 42 nyuma yake, cheche inaweza kuendelea kuwaka kama ya kulehemu, na spika ikaendelea kuungua huku rilei "imekata".

Dawa yake ni mguu wa tatu wa rilei, ule unaogusana rilei ikiwa imepumzika. Ukipelekwa grandi, rilei ikiachia spika inafungwa kwenye grandi. Hata cheche ikibaki, umeme unakimbilia grandi na fyuzi za usambazaji zinakatika. Kwenye bodi yangu mguu huo haukuunganishwa popote. Tena mtengenezaji aliweka amplifaya kwenye mguu wa kati na spika kwenye mguu wa kushika, ule unaogusana rilei ikivutwa. Ukiunga tu ule wa tatu na grandi kwa mpangilio huo, utaipiga shoti amplifaya yenyewe! Ilibidi nikwangue njia za shaba, spika nikaihamishia mguu wa kati, amplifaya mguu wa kushika, halafu rezista zinazopeleka DC kwenye mguu wa 2 nikazirudisha upande wa amplifaya. Jioni nzima ilikwenda. Nilipomaliza nikarudia kipimo cha betri mwanzo hadi mwisho.

Kazi hiyo ililipa. Miezi kadhaa baadaye transista ilikufa tena, chaneli ile ile. Nilisikia "tak", kisha kimya. Fyuzi ya upande wa chanya ilikuwa imekatika, na wufa mpya nilipoibonyeza taratibu kwa vidole ilicheza laini, haikwaruzi. Nilifungua kifuniko cha rilei: vidole vya chaneli hiyo vilikuwa na doa jeusi na kishimo kidogo upande mmoja. Nilibadilisha rilei na transista, nikafuatilia chanzo, nikakuta mika, karatasi ya kuhami umeme, chini ya transista imechanika.

Usitarajie bodi hii ikulindie twita, spika ndogo za sauti nyembamba. Ukifungulia amplifaya mpaka sauti inapasuka, hiyo bado ni AC na mguu wa 2 hauoni kitu. Twita zitaungua huku taa ya bodi ikiwaka vizuri. Wala haifai kwa amplifaya za daraja, zile ambazo waya zote mbili za spika zina umeme. Grandi ya bodi ikigusa waya mmojawapo ni shoti. Na kama amplifaya yako ina kapasita kubwa kwenye tokeo, hiyo kapasita tayari inazuia DC. Bodi itakusaidia kwa kishindo cha kuwasha tu.

Nimeshanunua ya pili kwa ajili ya amplifaya nyingine yenye volti 55. Hiyo nimeichagua isiyo na rilei, inayokata kwa mosfeti (transista zinazofanya kazi ya swichi) mbili zilizopeana migongo, kwa sababu kwa volti hizo siamini tena vidole vya rilei.