Riwaya ya njama ambayo kurasa zake ziliokotwa kwenye treni

Wadau niaje, leo simu na spika tumeweka pembeni, tunafanya kitabu, na usinikimbie kabla sijafika nyuma huku maana moto wote uko huku.

The Man Who Cried I Am, John A. Williams, 1967. Max Reddick, mwandishi mweusi wa Marekani, yuko Amsterdam, kansa inamla, rafiki yake Harry Ames kafia Paris kamwachia makaratasi ya hatari. Mengine utasoma.

Sasa ona hapa, nasogeza kwenye kamera, unaona? Hii imekaa kama waraka wa serikali kabisa. King Alfred, mpango wa kubuni ulio kwenye hayo makaratasi, wa kuwafagia Wamarekani weusi milioni 22 ghasia zikizidi, nchi imegawanywa kanda kanda, polisi na jeshi wamepangiwa kazi, na vyama vya kutetea haki za weusi vimeorodheshwa, vile vya kweli, NAACP yumo, SNCC yumo! Halafu kuna Alliance Blanc, umoja wa siri wa mataifa ya wazungu, wanachoogopa ni Afrika kuungana. Yaani enzi zilezile ambazo Nkrumah na Nyerere wanabishana tuungane leo au polepole, jamaa ameshaandika nani hataki. Nilisisimka mwili mzima.

Na huyu mzee Williams alikuwa mtu wa promo balaa, alitoa kopi za kurasa hizi akaziacha kwenye treni za chini New York, watu wakaokota wakadhani ni siri ya serikali imevuja. Mwaka 1971 watu wakavunja ofisi ya FBI kule mji wa Media, Pennsylvania, zikatoka karatasi za kweli za COINTELPRO, mpango wa siri wa FBI wa kupeleleza na kuvuruga vyama, vya weusi vikiwemo. Sasa utamcheka nani aliyeamini zile za treni?

Ila nusu ya kwanza inachosha, mara New York, mara vitani, mara mapenzi, na wanawake kawachora hovyo kwelikweli. Nilitaka nimpe saba, lakini kile kipande Max anapompigia simu Minister Q, ambaye ukisoma tu unajua ni Malcolm X, aisee, nane na nusu.

Bei? Kuna toleo la 2023 la Library of America, zuri, ila ukijumlisha na usafiri mpaka huku utalia, tafuta mtumba.

Wiki ijayo mpinzani wake, cha Sam Greenlee, yule mweusi wa CIA anayerudi Chicago kufundisha vijana vita. Nianze na kitabu au sinema ya 1973? Komenti hapo chini, na subskraibu basi jamani, mnaangalia bure tu.