Bunduki ya gumegume niliyoirudisha, na ile niliyobaki nayo

Kifurushi kilifika Jumanne jioni, kirefu karibu kulingana na kimo cha mke wangu. Ndani yake mlikuwa na bunduki ya gumegume niliyokuwa naitamani kwa miaka mitatu: mtutu wa pembe nane, mti wa mepo wenye mistari ya mawimbi, na kijaluba cha shaba ya njano ubavuni mwa kitako kilichonakshiwa maua. Nilikuwa nimelipa dola 1,150. Kabla sijakaa kuiangalia vizuri nilifanya jambo moja nililofundishwa: nilitumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mtutuni mpaka ukagota, nikauwekea alama ya kalamu ya risasi pale kwenye mdomo wa mtutu, kisha nikautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake ilipaswa kufika usawa wa kitundu cha moto kilicho nyuma ya mtutu. Haikufika. Ilikomea kama inchi 2 hivi kabla.

Maana yake bunduki ilikuwa imeshindiliwa. Mtu aliifunga kwenye boksi, akaandika anwani yangu na jina la mtaa ninakoishi na watoto wangu, akaituma ikiwa na baruti na goroli ndani.

Mwaka huu Waswahili wenzangu watatu wa huku Pennsylvania wameniuliza wapi wanunue gumegume iliyokwisha kutumika. Nimewajibu kila mmoja kwa simu, na kila mara nimesahau kitu. Sasa naandika yote.

Wengi wetu tunalijua gobole. Babu yangu mzaa mama, kule Utete, Rufiji, alikuwa nalo. La babu lilikuwa la fataki: nyundo inagonga fataki, fataki inawasha baruti. Gumegume ni kaka yake mkubwa, haina fataki. Jiwe lenyewe la gumegume limebanwa kwenye taya za nyundo. Ukivuta triga, jiwe linakwangua bamba la chuma lililosimama mbele yake, bamba linafunguka, cheche zinaangukia kwenye kifa, yaani kile kisahani chenye baruti kidogo pembeni mwa mtutu. Baruti ya kifani inalipuka, moto wake unapenya kwenye kitundu na kuiwasha baruti iliyo ndani. Hayo yote ndani ya kufumba na kufumbua. Moja likigoma, unabaki na moshi usoni na kulungu ameshapotea.

Bunduki hizi zina kwao, na kwao ni hapa. Mafundi wa Kijerumani na Kiswisi waliohamia Lancaster na vitongoji vyake katika karne ya 18 walikuja na bunduki fupi nene za kwao za kuwindia, wakaurefusha mtutu na kulipunguza tundu lake ili goroli iende mbali kwa baruti na risasi kidogo. Jacob Dickert, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa mmoja wa mafundi hao pale Lancaster. Dunia inaziita bunduki za Kentucky, ila nyingi zilichongwa Pennsylvania, na watu wa hapa hilo linawauma. Sheria ya jimbo nayo imezitunza: tangu 1974 kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume, ule unaoanza siku inayofuata Krismasi, na ndani ya msimu huo bunduki ya fataki hairuhusiwi. Ndiyo maana soko la zilizotumika ni kubwa kwetu kuliko majimbo mengi.

Kwa nini sikununua mpya? Ya kuchongewa na fundi mzuri, foleni yake inaweza kupita mwaka, na bei niliyotajiwa ilikuwa zaidi ya dola 3,000. Za kiwandani zipo, Pedersoli wa Italia wanatengeneza, na ni bunduki za kuaminika. Lakini nimezishika zote mbili, na kwa pesa inayokaribiana mimi nitachukua ya fundi iliyotumika. Ya fundi inakaa begani kama imeota hapo. Sharti ni moja, ujue kukagua. Mimi ile ya kwanza niliinunua kwa picha.

Nirudi kwenye picha hizo. Zilikuwa 22. Ishirini zilikuwa za mti, shaba na nakshi. Ya ndani ya mtutu haikuwepo hata moja, na mimi sikuiomba. Asubuhi yake nilimpigia mzee mmoja wa klabu yetu ya shabaha, akaja na vifaa vyake. Kwanza alimimina maji mtutuni na kwenye kitundu cha moto, akaiacha mpaka jioni ili baruti ife. Baruti nyeusi ikibaki kavu hukaa miongo na miongo na bado ikawaka. Kisha akafunga skrubu ndefu kwenye ncha ya mdeki, akaizungusha mpaka ikauma goroli, tukavuta wawili. Ilitoka goroli ya kijivu imevikwa kitambaa kilichooza, na nyuma yake tope jeusi lenye harufu ya mayai viza. Tulipoingiza kamera ndogo ya waya tukaona yaliyobaki: inchi 3 za mwisho, pale baruti inapokaa, zilikuwa zimeliwa na kutu vishimo vishimo, kama ndui. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu hewani. Bunduki ikiachwa bila kuoshwa, inaanza kulika ndani ya siku chache. Hii ilikuwa imeachwa miaka.

Muuzaji alinijibu kwamba yeye alikuwa ameitundika ukutani tu, hakuwahi kuipiga, hivyo hawezi kujua. Nilikasirika sana kwa jibu hilo, na bado sijalisamehe. Kilichoniokoa ni sentensi moja niliyokuwa nimemwandikia kabla ya kulipa na yeye akaikubali: siku tatu za ukaguzi, nikiirudisha pesa zinarudi. Zilirudi baada ya majuma mawili, nikapoteza dola 60 za usafirishaji. Bila sentensi ile ningebaki na pambo.

Jumapili nilimpigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Bunduki yako imefika?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Babu yako alikuwa haliingizi gobole ndani mpaka alitie mdeki. Hata kama asubuhi amelitoa yeye mwenyewe na hajalifyatua. Sisi watoto tulidhani ni dua."

Ya pili niliipata Februari, kwenye maonyesho ya mafundi ya mwisho wa juma, mezani kwa mzee ambaye macho yake yalikuwa yamechoka hata kilengeo cha mbele hakioni tena. Hii nilikwenda na taa, na nilikwenda na muda. Mzee mwenyewe, kabla sijasema neno, alitia mdeki, akanionyesha, akanipa. Hapo hapo roho yangu ikatulia.

Nilianza ndani. Nilidondosha kitaa kidogo mtutuni, nikatazama mifereji inayozunguka: mikali, inang'aa, na kule mwisho hakuna giza. Nikapitisha kitambaa cheupe kinachobana. Kikashuka kwa ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho. Kikilegea katikati, ujue kuna mahali pameliwa. Nikamuuliza pia mzunguko wa mifereji, kwa sababu goroli ya duara huipenda mifereji inayozunguka polepole, kwa mfano mzunguko mmoja ndani ya inchi 66, na si ile ya haraka iliyotengenezewa risasi ndefu.

Kisha mtambo wa kufyatulia, na hapa nilikaa sana. Niliomba ruhusa, mzee akafungua skrubu mbili za ubavuni na kuutoa wote. Fundi mbaya huficha uvivu wake upande wa ndani, kwenye mti: nafasi iliyochimbwa ovyo, gundi iliyomiminwa, vijiti vya kuziba. Hapa mti ulikuwa umekatwa kufuata kila kona ya chuma, mpaka ungeweza kuona umbo la springi limechorwa. Mtambo wenyewe ulikuwa wa Siler, jina linaloheshimika. Tukaurudisha, nikaweka nyundo nusu, nikajaribu kuvuta triga kwa nguvu: haikuanguka. Inayoanguka ikiwa nusu usiinunue hata ukipewa bure, mpaka fundi aitengeneze.

Mwisho nikaomba kuona cheche. Mzee alinipeleka nyuma ya pazia penye kiza, bunduki tupu, kifa kitupu, akaelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, akafyatua. Cheche zilitoka nyeupe, nene, zikaanguka ndani ya kifa na kuchezacheza pale zikitoa sauti ya vitunguu vinavyoingia mafuta ya moto. Nilikumbuka ile ya kwanza: cheche zake zilikuwa nyekundu, mbili tatu, zinazimika kabla hazijatua. Bamba laini halitoi cheche, hata uliwekee jiwe zuri namna gani. Linaweza kufanywa gumu upya kwa moto, lakini hiyo ni kazi na gharama nyingine. Ukiangalia, angalia pia kitundu cha moto: kikae usawa wa juu wa kifa, kisizame chini ambako baruti ya kifani itakifunika.

Kasoro alinionyesha mwenyewe. Kwenye shingo ya kitako, mahali mti ulipo mwembamba kuliko pote, palikuwa na ufa wa zamani uliogundishwa na kupitishiwa kipini cha shaba. Nilipinda kidogo kwa mikono, nikasikiliza. Kimya. Alitaka dola 1,400, nikamwomba 1,300 kwa ajili ya ufa ule, akakubali na kunipa daftari lake: tundu inchi 0.50, goroli 0.490, kitambaa cha unene wa 0.018 kilichopakwa mafuta, greni 70 za baruti ya F tatu, yaani ya chembe ndogo. Greni 70 ni kama gramu 4.5. Daftari lile lina thamani kuliko kijaluba cha shaba, kwa sababu kila mtutu una chakula chake na yeye alishakitafuta kwa miaka.

Siku ya kwanza uwanjani ilinitesa. Mara tatu kifa kililipuka na mtutu ukanyamaza. Nilikuwa nakijaza baruti kwa uchu, ikaziba kitundu, na moto ulilazimika kuila ile baruti kwanza badala ya kuruka ndani. Nilipopunguza hadi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, na kuisogeza mbali kidogo na kitundu, ikaitika kama bunduki ya kisasa. Shida iliyofuata ilikuwa yangu mimi: moto ukiwaka karibu na jicho, kichwa kinataka kukimbia. Risasi za mwanzo zilitawanyika ovyo. Kufikia juma la tatu goroli tano zilikuwa zinakaa ndani ya kisahani cha chai kwa yadi 50, na nilipofika nyumbani mke wangu aliziona karatasi za shabaha kabla sijaongea.

Kuhusu urefu usitishike. Mtutu una inchi 42, lakini ni mnene nyuma, unapungua katikati, na kutanuka tena kidogo mdomoni. Kwa hiyo uzito unakaa kati ya mikono yako miwili na haukuvuti kwenda mbele. Kisichonipendeza ni kitako. Kimepinda kama hilali, na ukikiweka kwenye bonde la bega kama bunduki za sasa, ncha ya chini itakuchoma. Kinakaa juu ya mkono, nje ya bega. Mawe nayo huisha. Langu huchoka baada ya risasi 20 au 30 na inabidi nililinoe kwa kulibandua makali. Kuosha ni maji ya uvuguvugu, vitambaa, kisha mafuta, usiku ule ule, hata ukiwa umechoka vipi. Na baruti za mbadala zinazouzwa madukani hazikubali vizuri cheche za jiwe. Tafuta baruti nyeusi halisi.

La sheria nalitaja kwa ufupi. Sheria ya shirikisho ya 1968 inaziweka bunduki za namna hii, hata nakala zilizotengenezwa leo, kwenye kundi la silaha za kale, lisilobanwa kama bunduki za kawaida, ndiyo maana ile ya kwanza iliweza kuja mpaka mlangoni kwangu. Majimbo yana yake, na New Jersey hapo jirani ni kali zaidi, basi uliza kabla hujalipa. Usiwaze kuipeleka Tanzania kama zawadi. Huko gobole ni silaha, linataka leseni.

Desemba 26 nilikaa msituni tangu alfajiri, theluji ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Kulungu jike alipita saa nne asubuhi akasimama nyuma ya matawi, nami sikufyatua kwa sababu sikuliona bega lake vizuri. Jioni niliielekeza bunduki kwenye kingo ya udongo na kuifyatua ili niiondoe risasi. Nilipofika kwenye ngazi za nyumba nilitoa mdeki. Mzee yule alikuwa ameuchonga mistari miwili, mmoja wa mtutu uliojaa na mmoja wa mtutu mtupu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nikautumbukiza, ukagota chini kabisa kwa sauti ya chuma, mstari wa pili ukalingana na mdomo wa mtutu. Ndipo nikafungua mlango.