Seti ya diodi nne kwa taa za gari linalovutwa: kazi nzuri, ila kuna jambo moja karatasi yake haikulisema

Seti niliyoinunua ina vitu vichache tu: diodi nne, waya mrefu wenye nyuzi nne za rangi, viunganishi vya kubana, vifungo vya plastiki na karatasi moja ya maelekezo. Bei yake haikufika dola 100. Kampuni kadhaa za vifaa vya kuvutia magari hapa Marekani huuza seti za namna hii na zote zinafanya kazi kwa kanuni ileile, kwa hiyo sitaitaja chapa yangu. Ninachotaka kukieleza ni njia yenyewe, jinsi nilivyoifunga kwenye Jeep Wrangler yetu ya mwaka 2014, na kasoro niliyoigundua siku ya majaribio.

Tunaishi Minnesota, na kila kiangazi familia husafiri kwa motahomu, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Ukishaliegesha kambini, ukalisawazisha na kuliunganisha na maji na umeme, hulitoi tena kwa ajili ya kwenda kununua maziwa. Zaidi ya hayo, kuna sehemu ambazo haliwezi kupita kabisa: kule Black Hills, Dakota Kusini, barabara ya Needles Highway ina handaki lililochongwa kwenye mwamba, jembamba kiasi kwamba hata gari dogo hupita taratibu huku dereva akiangalia vioo vya pembeni. Ndiyo maana watu wengi huvuta gari dogo nyuma, magurudumu yote manne yakiwa chini, na Wrangler inapendwa kwa kazi hiyo kwa sababu gia yake ya kugawa nguvu huwekwa huru na gari likabiringika bila kuumiza giaboksi. Lakini mwili wa gari dogo unaziba taa za nyuma za motahomu, na dereva anayefuata haoni kitu isipokuwa taa za hilo dogo. Zisipowaka, hana namna ya kujua kwamba tani kadhaa zilizo mbele yake zinapunguza mwendo.

Awali kazi hii ya kuziunganisha taa za Jeep na motahomu nilimpa fundi wa karakana moja, ambayo sitaitaja. Aliunganisha nyaya za motahomu moja kwa moja kwenye nyaya za taa za Jeep, bila diodi, kwa vile viungio vya plastiki ambavyo ukivibana vinachana ngozi ya waya na kuigusa shaba. Taa ziliwaka, nikamlipa, tukasafiri. Baada ya majira ya baridi moja ya barabara za chumvi, endiketa ya kushoto ilianza kufifia. Nilipofungua nikakuta shaba imekuwa ya kijani, nyuzi mbili tu ndizo zilizobaki zimeshikana. Kibaya zaidi, nilipowasha taa za usiku za motahomu huku Jeep ikiwa imezimwa, taa nyingine za Jeep ambazo hazikuhusika nazo zikamulika hafifu. Umeme ulikuwa unarudi nyuma na kuingia kwenye mfumo wa gari, na kwa magari ya sasa, ambayo taa zake zinaongozwa na kisanduku cha kielektroniki kilicho chini ya boneti, umeme unaoingia kwa mlango wa nyuma unaweza kukiunguza kisanduku chenyewe. Kukibadilisha ni gharama kubwa kuliko seti nyingi za diodi zikijumlishwa.

Hapo ndipo diodi inapofaa. Diodi ni kama vali ya bomba la maji: huruhusu umeme kwenda upande mmoja na kuuzuia kurudi. Kila diodi ya seti hii ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani, chenye miguu mitatu. Mguu mmoja unapokea waya unaotoka kwenye Jeep, wa pili unapokea waya unaotoka kwenye motahomu, na wa tatu unakwenda kwenye balbu. Balbu inawaka kwa umeme wa upande wowote, lakini pande hizo mbili haziingiliani kamwe. Kwenye Wrangler za Marekani za toleo hili, balbu moja yenye nyuzi mbili ndani yake ndiyo taa ya usiku, ndiyo breki na ndiyo endiketa. Hivyo kila upande unahitaji diodi mbili, na diodi nne zinatosha barabara bila kubaki wala kupungua.

Ufungaji ulinichukua Jumamosi nzima, nami si fundi wa umeme. Rangi za waya zinafuata desturi ya Marekani: nyeupe ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi ya gari, kahawia ni taa za usiku, njano ni breki na endiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia. Upande wa Jeep sikuamini rangi. Nilitumia taa ya kupimia, shemeji akawa anakanyaga breki na kuwasha endiketa mpaka nikaujua kila waya kwa kazi yake. Kisha nikakata. Ule wakati wa kukata waya mzima wa gari unalolitegemea unatisha kidogo, nakubali, lakini hakuna njia ya mkato. Viunganishi vilivyokuja na seti sikuvitumia. Nilinunua vile vyenye mpira unaosinyaa kwa joto, ambavyo hufunga maji na chumvi visipenye, na ninamshauri yeyote anayeishi penye theluji afanye hivyo hivyo.

Waya mweupe usiufanyie uvivu. Nilikwangua rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga kwa skrubu na nyota ya kukaza, nikapaka grisi juu. Athi ikiwa mbovu utaona vituko: ukiwasha endiketa taa za usiku nazo zinacheza, ukikanyaga breki endiketa inazimika, nawe utazilaumu diodi bure.

Sasa kasoro. Sheria na akili vyote vinataka gari zito linalovutwa liwe na breki zake, na sisi tunatumia kisanduku kinachowekwa mbele ya kiti cha dereva wa Jeep, ambacho hukanyaga breki yake kila motahomu inapofunga breki. Tulipofunga kila kitu, nilisimama nyuma, shemeji akawasha endiketa ya kushoto ya motahomu. Ikapepesa vizuri. Nikamwambia mke wangu, aliyekuwa ameketi kwenye Jeep, akanyage breki kama kile kisanduku kinavyofanya. Endiketa ikaganda, ikabaki nyekundu bila kupepesa.

"Mama Amani, achia!" Ikapepesa tena. "Kanyaga!" Ikaganda.

Diodi hazikuwa na kosa, zilifanya zilichotakiwa: motahomu ilikuwa inatuma umeme wa kukatika-katika, lakini Jeep nayo, kwa kuwa kanyagio lake limekanyagwa, ilikuwa inatuma umeme usiokatika kwenye balbu ileile, na usiokatika ndio unaoshinda. Maana yake ni kwamba ukipunguza mwendo ili ukate kona kushoto, yaani wakati ambapo endiketa inahitajika kuliko wakati wowote, aliye nyuma yako haioni. Karatasi ya maelekezo haikuwa na hata mstari mmoja juu ya hili. Ninalihesabu kuwa pungufu kubwa, kwa sababu wengi wanaonunua seti hizi wanatumia pia breki za namna hiyo.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayokata taarifa ya swichi ya kanyagio la breki wakati gari linavutwa, ili breki na endiketa za nyuma ziongozwe na motahomu peke yake. Yangu inaamshwa na waya wa volti 12 wa plagi ya motahomu, kwa hiyo nikichomoa plagi inaachia na Jeep inarudiwa na taa zake za breki. Usikubali kufungiwa swichi ya kuwasha na kuzima kwa mkono: siku utakapoisahau utaendesha Jeep mjini bila taa za breki.

Njia nyingine zipo. Balbu ya ziada inayoingizwa ndani ya taa ya gari kwa kuitoboa taa hiyo tundu haigusi nyaya za asili kabisa, na kwa gari lililo bado kwenye dhamana ningeifikiria kwanza. Taa za sumaku zinazobandikwa juu ya gari zinafaa kwa safari moja ya kulihamisha gari, si kwa kilomita 560 za barabara ya I-90 kati ya Sioux Falls na Rapid City, penye upepo wa tambarare usiokoma. Na kama gari lako lina taa za nyuma za LED, usinunue seti hii kabla hujauliza ile iliyotengenezwa kwa gari lako mahususi, kwa kuwa baadhi ya magari hayo huzisoma diodi kama hitilafu na kuwasha onyo kwenye dashibodi.

Kwa Wrangler ya balbu za kawaida ningeinunua tena, pamoja na rilei siku hiyohiyo. Mpaka sasa kila tunapoanza safari shemeji au mke wangu hukaa mbele, mimi husimama nyuma ya Jeep, na tunapitia taa za usiku, kushoto, kulia na breki, kisha kushoto na breki kwa pamoja.